Saa Mia Mbili Thelathini na Tano

Kufikia saa mbili unusu asubuhi Inspekta Musimbi alikuwa amekunywa vikombe viwili vya chai ya kantini, amesoma faili lile lile mara tatu, na bado lilikuwa halijamwingia akilini. Lilikuwa faili jembamba la kuudhi. Ndani yake mlikuwa na picha za maiti, ripoti ya daktari, kitabu cha geti cha mgodi, na karatasi mbili za vipimo vya maji zenye sahihi ya mtu mmoja. Mwenye sahihi, fundi wa visima aliyeitwa Oketch, alikuwa seli namba mbili, hatua kama thelathini kutoka mezani pake. Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka saa nane mchana huo huo.

"Sahihi ni yake, amekubali ni yake," mkubwa wake alikuwa amemwambia jana. "Sasa Musimbi, unatafuta nini tena?"

Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu, nani alisema uwongo. Wiki mbili nyuma, kule nyanda kavu za chini, zaidi ya kilomita mia kutoka Eldoret, mama mmoja aliyeitwa Chepurai aliingia shimo la mchanga mtoni kuchota maji, na mchanga ukamfukia. Alichimba mchanga kwa sababu kisima cha kijiji chake kilikuwa kimekauka tangu Juni. Wanakijiji walisema kilikaushwa na mgodi wa dhahabu wa Chepsukut, uliokuwa ukivuta maji usiku na mchana mita mia nane tu kutoka hapo. Mgodi nao ulionyesha kibali chake cha kuvuta maji, halali kabisa, kilichotolewa kwa nguvu ya zile karatasi mbili. Karatasi zilisema kwamba mwisho wa Desemba 2007 kisima cha mgodi kilijaribiwa kwa saa ishirini na nne, pampu ikivuta bila kupumzika, na kisima cha kijiji hakikushuka hata sentimita moja.

Na sasa, Septemba 2009, kisima kilikuwa kikavu na mama wa watu alikuwa kaburini. Kama karatasi zile zilighushiwa, Oketch angefungwa miaka mingi jela.

Musimbi alimwita tena. Oketch aliingia akiwa ameshika suruali kwa mkono kwa sababu mshipi wake ulikuwa kaunta. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini hivi, mwenye vidole vilivyopasuka kwa grisi.

"Rudia," Musimbi alisema. "Ulianza lini?"

"Tarehe ishirini na nane Desemba, Afande, saa kumi na mbili asubuhi. Kesho yake saa ile ile zikatimia saa ishirini na nne. Nikajaza karatasi nikasaini. Hiyo si uwongo."

"Halafu?"

"Vijana wangu wakaondoka na lori la mashine asubuhi hiyo. Mimi nikabaki na jenereta, bado inavuta maji. Nilikuwa nifuate kesho yake, na kesho yake ndiyo nchi ikawaka baada ya uchaguzi. Meneja wa mgodi akaniambia, kwa sababu uko hapa hapa, endelea kuvuta, tujaze bwawa. Nikavuta siku kumi zingine."

"Na vipimo?"

"Nilichukua. Niliandika kwa daftari, nikampa Wangila, yule mshauri wa mgodi."

"Wangila anasema hakuna daftari. Anasema uliondoka na vijana wako. Nani alikuona huko hizo siku kumi?"

Oketch aliivuta suruali yake juu tena.

"Nilikuwa peke yangu," alisema.

Musimbi hakulipenda jibu hilo hata kidogo. Mtu anayefungwa kwa kosa la mwingine hutaja hata mbwa aliyepita. Alimrudisha seli, akachukua ufunguo wa gari na faili.

Nje kwenye benchi alikuwa ameketi Selpha, mke wa Oketch, fundi wa kushona sare za shule. Alikuwa hapo tangu saa kumi na mbili, na chupa ya uji ambayo koplo wa kaunta alikataa kuipitisha.

"Madam," alisema, "huyo mtu wangu hawezi kuandika kipimo cha uwongo. Ana ugonjwa wa kupima, aki. Hata unga wa ugali anapima. Tumegombana miaka ishirini na mbili juu ya hiyo maneno."

"Alikuambia alikuwa wapi hiyo Januari?"

"Aliniambia alikuwa kwa mashimo yake. Alirudi amekonda, akakaa siku tatu bila kuongea. Lakini wakati ule nani alikuwa anaongea?"

Musimbi alimwambia koplo apitishe uji, akatoka mbio.

*

Wangila, mwanajiolojia mshauri aliyeuandikia mgodi ripoti yake, alikuwa na ofisi ya ghorofa ya pili katikati ya mji. Alikuwa mtu wa suti na sauti ya taratibu, na hakuonekana kushtuka kumwona polisi.

"Daftari la Oketch?" alisema. "Inspekta, hata kama lingekuwepo, karatasi zangu ziliungua Januari ile. Unajua mwenyewe mji ulikuwa vipi."

Musimbi alijua. Alijua pia kwamba tangu wakati huo, Eldoret nzima, kila karatasi isiyotakiwa kuonekana ilikuwa "imeungua Januari". Hati za mashamba, vitabu vya vyama vya ushirika, hata vyeti vya ndoa. Aliinua macho kwenye rafu nyuma ya kiti cha Wangila. Mafaili yalikuwa yamepangwa kwa mwaka: 2004, 2005, 2006, 2008.

"Moto ulichagua mwaka," alisema.

Wangila alitabasamu kidogo. "Mafaili ya mwaka huo ndiyo nilikuwa nayo nyumbani. Nyumba ndiyo iliyochomwa. Nenda uangalie msingi, bado uko pale."

Musimbi alikuwa ameshaiona nyumba hiyo. Ilichomwa kweli.

"Nikuulize swali moja tu la akili ya kawaida," Wangila aliendelea, sasa akiinama mbele. "Jenereta ile inakula dizeli kama ng'ombe anavyokunywa maji. Tarehe thelathini matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na hata jioni haijaisha vizuri hakuna gari lililokuwa linapita Burnt Forest. Hapa mjini kwenyewe lita moja ulikuwa huipati. Sasa Oketch anakuambia aliendesha mashine siku kumi, huko jangwani. Aliendesha na nini? Mkojo?"

Musimbi alifunga daftari lake. Wiki ile alikuwa sajini, na Land Rover yao ilizimika Cheptiret tarehe mbili Januari kwa kukosa mafuta, wakaiacha barabarani na kutembea na bunduki zao mpaka mjini huku moshi ukiwa pande zote. Kama polisi hawakuwa na dizeli, fundi wa visima angeitoa wapi? Maneno ya Wangila yalikuwa na uzito, na yalimkera kwa sababu yalikuwa na uzito. Alishuka ngazi akiwa nusu ameshakata tamaa.

*

Kilichobaki kilikuwa kupata nakala ya kibali yenye muhuri. Alifika ofisi ya maji saa nne unusu. Karani wa vibali, Maximilla, alikuwa mama mnene wa miwani aliyekaa na mafaili yale miaka kumi na saba, na hakupenda kuharakishwa.

"Kibali cha Chepsukut," Maximilla alisema akilifungua jalada. "Mimi nilisema wapewe saa sita kwa siku, na mita ifungwe, na kisima cha kijiji kipimwe kila mwezi. Waliniangalia kama mtu anayeongea usingizini. Wakasema jaribio limeonyesha hakuna shida. Huko mvua inanyesha mara mbili kwa mwaka, Madam, mtu anapewa ruhusa ya kuvuta mchana na usiku!"

"Na hili jaribio lilikuwa sawa?"

"Kwa karatasi, sawa. Ona." Aligeuza fomu, akapitisha kidole juu kabisa, kwenye mistari ambayo Musimbi alikuwa ameiruka mara zote tatu. "Jina la fundi. Aina ya pampu. Namba ya jenereta. Mita ya masaa ya jenereta, kuanza elfu moja mia nne kumi na mbili, kumaliza elfu moja mia nne thelathini na sita. Ishirini na nne. Inakubaliana."

"Mita ya masaa ni nini?"

"Kila jenereta ina saa yake ndogo inayohesabu muda imefanya kazi. Ndiyo unajua wakati wa kumwaga oili. Haiwezi kurudishwa nyuma, na mafundi wanaijaza bila hata kufikiria, kama vile wewe unavyoandika tarehe."

Musimbi aliitazama fomu. Kitu fulani kilianza kumkuna.

"Jenereta hii ilifanya kazi wapi baada ya hapo?"

Maximilla alimwangalia juu ya miwani, kisha akainuka. Alirudi na jalada lingine, la shule moja karibu na Cheptiret, kisima kilichojaribiwa katikati ya Februari 2008. Ripoti ilikuwa ya Wangila huyo huyo, na namba ya jenereta ilikuwa ile ile. Musimbi aliweka fomu mbili ubavu kwa ubavu.

Mita ya kuanza Cheptiret ilisoma elfu moja mia sita sabini na moja.

"Hesabu," Musimbi alisema.

Maximilla alishatoa kalamu. "Mia mbili thelathini na tano. Masaa mia mbili thelathini na tano yamepotea."

"Labda kulikuwa na kazi nyingine katikati?"

"Januari ile?" Maximilla alivua miwani. "Januari ile nani alichimba kitu, Madam, isipokuwa makaburi? Hakuna kisima hata kimoja kwenye rejista yangu mpaka tarehe kumi Februari."

Musimbi alipiga hesabu yake pembeni. Siku kumi ni saa mia mbili na arobaini. Oketch alikuwa amesema kwenye maelezo yake ya kwanza, maneno ambayo hakuna aliyeyajali, kwamba kila siku alizima mashine nusu saa kuangalia oili. Nusu saa mara kumi ni saa tano. Mia mbili arobaini toa tano.

"Mungu wangu," alisema. "Iliendeshwa kweli."

Wangila alikuwa amelizamisha daftari, lakini fomu ya Cheptiret aliituma kwa mkono wake mwenyewe, mita ikiwa juu, kwa sababu fomu bila mita Maximilla huirudisha. Akili yake yote ilikuwa kwenye maji, hakuikumbuka mashine.

Hata hivyo swali la Wangila lilibaki pale pale. Dizeli ya nani? Musimbi alifungua faili juu ya boneti la gari na kuchukua kitabu cha geti, ambacho polisi walikichukua siku ya kifo ili kujua nani alikuwepo. Kilikuwa kitabu kilichoanza 2007. Askari wa geti huandika magari, hawaandiki watu, ndiyo maana hakuna aliyekisoma nyuma kiasi hicho. Lori la mashine lilitoka tarehe ishirini na tisa Desemba. Kwenye mstari wa juu yake palikuwa na lori lingine, *mafuta, madramu 20, Salim*, lililoingia tarehe ishirini na saba. Kwenye safu ya kutoka, askari alikuwa ameandika tarehe nane Januari.

Kwa hiyo Oketch hakuwa peke yake.

*

Salim hakuwa mtu wa kutafutwa sana. Kila mwenye gereji alimjua. Musimbi alimpata saa sita na nusu huko Munyaka, lori lake likiwa juu ya mawe, magurudumu mawili nje, naye akiwa chini yake na miguu tu inaonekana. Wazazi wake walikuwa wa Garissa lakini yeye alizaliwa Eldoret, na alikuwa amebeba mafuta kwenda nyanda za chini tangu akiwa turniboi, msaidizi wa dereva.

"Desemba 2007," Musimbi alisema. "Chepsukut. Ulikwama huko na nani?"

Miguu ilitulia. Salim akajitoa, akakaa chini akipangusa mikono.

"Na Oketch. Wallahi dada, siku zile nisikumbushwe. Mimi Msomali, yeye Mjaluo, barabara zimefungwa, redio inasema vitu vya kuogofya. Tulikuwa tunalala ndani ya lori, zamu kwa zamu."

"Amesema alikuwa peke yake."

"Nani amesema?"

"Oketch mwenyewe."

Salim alisimama. "Kwa nini aseme hivyo? Nilikaa naye siku kumi na mbili! Dizeli ilikuwa yangu. Kisima cha kijiji nilikuwa napima mimi!"

"Wewe?"

"Mimi kila swala lazima nitawadhe, na maji masafi yalikuwa ya kile kisima, Mungu awabariki wale watu hawakuninyima. Basi Oketch akaniambia, kwa sababu unaenda mara tano kwa siku, chukua hii kamba yangu. Ilikuwa na kengele, ncha ikigusa maji inalia. Nasoma namba, naandika, usiku ananakili kwa daftari lake."

Musimbi alisogea karibu. "Uliandika wapi?"

Salim alipanda kwenye kebini. Nyuma ya kiti cha dereva palikuwa na ratiba ya swala, karatasi ngumu iliyofifia, kila siku ya mwaka ikiwa na vyumba vitano: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha. Aliibandua taratibu. Kuanzia Desemba ishirini na tisa mpaka Januari nane, ndani ya kila chumba, chini ya saa ya swala, palikuwa na namba nyingine kwa kalamu ya risasi.

"Na bado unayo?"

"Jua la hapa halibadilishi saa zake, dada. Ratiba moja unatumia mpaka ichanike."

Musimbi alisoma kwa kidole. Siku nne za kwanza, mita sita na sehemu moja kila chumba, maji hayakusogea. Januari mbili, Adhuhuri, sita na robo. Januari tano, nane na nusu. Januari nane, Alfajiri, mita kumi na moja na sehemu saba. Kisima kilikuwa kimeshuka zaidi ya mita tano, swala kwa swala, na siku ya jaribio lenyewe, ile pekee iliyofika kwenye ripoti, hakikushuka hata kidogo. Wangila hakuhitaji kubadilisha namba yoyote. Alichukua tu siku ile moja na kuzitupa zile nyingine kumi.

"Utakuja na hii kituoni sasa hivi," Musimbi alisema. "Kuna mama amekufa kule. Chepurai."

Salim alishika mlango wa lori. "Huyo ndiye alitulisha," alisema. "Siku zote zile alituletea maziwa, asubuhi na jioni. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

*

Walifika kituoni saa saba na robo. Musimbi alimwacha Salim kwa koplo aandike maelezo, akapitia korido karibu akikimbia. Kwa mara ya kwanza wiki ile alikuwa na furaha, furaha ya kazi, na hakuificha. Aliweka ratiba mezani mbele ya Oketch.

"Umepona," alimwambia. "Mita ya jenereta inasema ulivuta, Salim anasema ulipima. Karatasi yako ilikuwa ya kweli. Hukughushi kitu. Wangila anafuatwa sasa hivi, na Maximilla, niliyempigia simu njiani, anaandaa amri ya kuzima pampu za mgodi kabla jua halijatua."

Oketch hakuigusa ratiba. Aliiangalia tu, chumba kwa chumba, midomo ikisoma.

"Salim ni mzima?" aliuliza.

"Mzima. Na mimi nina swali. Huyu mtu angekutoa hapa siku ya kwanza. Kwa nini ukamficha?"

Oketch alirudi kuisoma ratiba. Koridoni mtu aliburuta kiti.

"Oketch. Saa nane inafika."

"Ukimpata Salim unapata hii," alisema mwishowe, akiielekeza ratiba kwa kidevu. "Na ukiona namba hizi unajua kwamba nilijua kisima kinakufa. Tangu Januari ile, Afande. Mwaka mmoja na miezi minane."

Musimbi alivuta kiti akakaa.

"Nilimwambia Wangila, hiki kisima kitakufa. Akasema mgodi utavuta saa sita tu kwa siku, usijali. Tulipozima mashine maji yalianza kupanda, Salim aliona. Nikajiambia basi. Halafu nikasikia wamepewa mchana na usiku, nikanyamaza tena, kwa sababu kazi zote zinatoka kwa Wangila."

"Hiyo ni aibu, lakini si kughushi."

"Sijamaliza." Alipangusa uso kwa kiganja. "Yule mama aliniuliza. Ile siku ya mwisho, amebeba maziwa. Alikuwa amegundua kamba yake ya ndoo haifiki tena, ameiunga na kitambaa. Akaniuliza, fundi, mbona maji yetu yanakimbia? Ni hiyo mashine yako? Na mimi nikaogopa. Mgeni, wiki kama ile, niwaambie wenyeji kwamba ni mimi ninamaliza maji yao? Nilifikiri wakijua hatutoki hai, mimi na Salim."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni kiangazi. Nikamwambia akichimba mchanga pale mtoni atapata maji, mpaka kisima kirudi. Nilimwonyesha mahali mwenyewe. Nikamfundisha namna ya kuchimba."

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Musimbi na hakukumbuka aliichukua saa ngapi.

"Iandike," Oketch alisema. "Iandike yote, nitasaini."

Aliandika. Ilichukua kurasa mbili. Oketch alisoma kila mstari, akasahihisha tarehe moja, akasaini, na Musimbi akazifunga kurasa hizo ndani ya faili pamoja na ratiba na fomu mbili za mita. Alimrudisha Oketch seli, akalipeleka faili kwa mwendesha mashtaka saa nane kasoro dakika tano, kisha akatoka nje.

Selpha alisimama kabla hajafika. Alikuwa ameshaweka chupa ya uji ndani ya mfuko, na koti la mumewe alikuwa amelikunja mkononi.

"Salim ameniambia!" alisema. "Ameniambia mtu wangu hakughushi. Nilikuambia, Madam, si nilikuambia? Asante, asante sana, Mungu akubariki. Sasa anatoka? Tunaenda nyumbani?"

Musimbi alimshika mkono, akamwomba akae kwanza.